Vepu za meki zipigwe marufuku, tubaki na zenye saketi tu?

Kijana wa Mbezi:
Wakuu, habari za jioni. Juzi binamu yangu kakimbizwa hospitali kwa bodaboda, paja limebabuka kuanzia mfukoni hadi karibu na goti. Alikuwa kasimama kwenye daladala la Mbezi–Kariakoo, watu wamebanana, mara mfuko ukaanza kufuka moshi, ukalia kama fataki. Mfukoni alikuwa na betri ya akiba ya vepu yake, yaani sigara ya umeme. Vepu yenyewe ni ya meki, lile bomba la shaba lisilo na kioo wala taa. Mimi nasema hizi zipigwe marufuku, zibaki zenye saketi ya kielektroniki ndani, maana zile zina akili, zikiona mambo si mambo zinajizima. Shisha walipiga marufuku 2016 na mji haukuhama. Nawasilisha.

Mzee wa Hoja:
Zote sumu. Acheni kuvuta. Mjadala umefungwa.

Nyuki Jike:
Mzee wangu, hujafunga kitu. Hakuna aliyesema ni maziwa. Mtu kaungua paja, si mapafu.

Injinia Tegeta:
Naunga mkono hoja. Kwa wasiojua, meki haina kitu chochote kati ya betri na koili, ule waya unaopashwa moto ili utoe moshi. Ukibonyeza kitufe umeunganisha moja kwa moja, basi. Betri ya 18650, hiyo ya duara inayowekwa kwenye vepu, ikijaa ina volti 4.2. Koili yenye ukinzani wa omu 0.4 itavuta ampea 10 na ushee, na betri halali ya ampea 20 inabeba hiyo bila kutoka jasho. Sasa kijana anataka wingu la kujaza sebule, anasuka koili ya 0.12. Hapo ni ampea 35, na hakuna wa kumwambia acha. Yenye saketi inapima koili kwanza, ikikuta iko chini mno inagoma. Ukikandamiza kitufe sekunde kumi hivi inakata. Betri ikichoka inakata. Shida yetu hapa mjini mtu anasukiwa koili na fundi wa chini ya mwamvuli Kariakoo, ambaye ukimtajia omu anadhani ni sabuni ya kufulia.

Kaka Kinondoni:
😂😂😂 sabuni ya kufulia. Ila kweli, si kuna jamaa Marekani alikufa na hizi? Texas nadhani, 2018.

Fundi Aggrey:
Injinia, chini ya huo mwamvuli nina mwaka wa kumi na moja. Sabuni ninayoijua mimi ni ya kunawia mikono nikishamaliza kazi zilizowashinda wenye vyeti. Mita ninazo mbili. Mwezi uliopita kaja kijana mmoja msafi, shati limepigwa pasi, anasema amesoma umeme. Kaleta vepu ya saketi, ya bei mbaya, haiwaki. Kafungua mwenyewe nyumbani akaunganisha betri mbili moja kichwa juu nyingine kichwa juu wakati mashine inataka zipishane. Bahati yake saketi ilikuwa na ulinzi. Sikumcheka. Nilimwonyesha alama ya kujumlisha na ya kutoa, akalipa, akaondoka. Nyie mnaongea na makaratasi, sisi tunaongea na moto.

Injinia Tegeta:
Fundi, umejijibu mwenyewe. Saketi ndiyo iliyomwokoa. Asante kwa ushahidi.

Fundi Aggrey:
Sijasema saketi mbaya. Nimesema usitutukane.

Msomi Asiye na Kazi:
Hapa ndipo nchi ilipofikia, digrii inashindana na mwamvuli. Mimi nina digrii na sina hata mwamvuli.

Nyuki Jike:
Kaka Kinondoni, ni wawili. Florida Mei 2018, na Texas Januari 2019. Wa Florida kipande kilimwingia kichwani, na kwa taarifa zilizotoka chake kilikuwa cha meki. Wa Texas kilimkata mshipa wa shingo. Usiwachanganye marehemu.

Mzee wa Hoja:
Na wale wa hukohuko Marekani waliokufa kwa mapafu 2019? Sitini na kitu! Hayo mtasema ni betri pia?

Nyuki Jike:
Ni 68 hadi Februari 2020, Mzee, na ile haikuwa betri wala saketi. Sehemu kubwa ilikuwa mafuta ya bangi yaliyochakachuliwa kwa vitamini E asetati. Ni kama kulaumu jiko kwa sababu nyama ilikuwa imeoza.

Mpemba Mtulivu:
Jamani, betri ilikuwa mfukoni. Haikuwa ndani ya vepu. Wenye vepu za saketi nao wanabeba betri ya akiba, na ni ileile 18650. Marekani idara yao ya zimamoto ilihesabu matukio 195 kati ya 2009 na 2016: 61 kifaa au betri kilikuwa mfukoni, 60 mtu anavuta, 48 kwenye chaji. Mkipiga marufuku meki, mfuko mmeuacha palepale.

Kijana wa Mbezi:
Unamaanisha binamu yangu ni mzembe? Kaa na mtu ambaye anabadilishwa bandeji kila siku halafu uje kuandika hivyo.

Mpemba Mtulivu:
Sijamtaja binamu yako kwa ubaya ndugu yangu. Pole sana. Nimetaja mfuko.

Kaka Kinondoni:
Marekani Marekani. Hapa ni Bongo, joto la daladala peke yake linatosha kulipua.

Injinia Tegeta:
Joto la daladala haliwezi kulipua betri nzima, tafadhali. Turudi kwenye hoja: je, fundi asiye na cheti aruhusiwe kusuka koili?

Fundi Aggrey:
Hiyo sasa ndiyo hoja? Mbona imekuwa mimi?

Msomi Asiye na Kazi:
Imekuwa wewe tangu kwenye sabuni, fundi. Vumilia.

Fundi Aggrey:
Haya. Niulizeni mimi ni meki gani sipokei. Sipokei ya tenki linalokaa moja kwa moja juu ya betri kama pini yake ya katikati haijachomoza. Pini ikiwa imezama, ukingo wa tenki unagusa chanya na hasi kwa pamoja, shoti hapohapo, hata kitufe hujabonyeza vizuri. Sipokei bomba lisilo na matundu ya kupumulia, maana betri ikianza kutoa gesi ikikosa pa kutokea inageuza bomba kuwa bunduki. Sipokei betri iliyoandikwa ujazo wa mAh 9900, kwa sababu 18650 ya ukweli ukipata 3500 umepata. Hiyo 9900 ni ya mtu aliyekuwa na wino mwingi. Na betri za kung'olewa kwenye laptopu mbovu sitaki kuziona mezani, hazijatengenezwa kwa kunyonywa namna hiyo. Mmeona cheti hapo? Injinia angeniuliza kistaarabu ningemwambia tangu asubuhi.

Injinia Tegeta:
Yote sahihi. Lakini fundi mmoja anayejua si jibu. Nikikutana na wa pili hajui je? Saketi haiugui wala haisafiri kwenda msibani.

Fundi Aggrey:
Saketi ya bei ya kutupa inaugua sana tu. Njoo uone ndoo yangu.

Mama Abdul Tandika:
Samahanini wanangu kuingilia. Nimekuta kitu kwenye begi la mwanangu, ana miaka 19, anasema ni cha rafiki. Nimesoma humu nimeanza kutetemeka. Nitajuaje kama ni hiyo meki au ya saketi? Na niifanye nini usiku huu?

Fundi Aggrey:
Shikamoo mama. Angalia kwanza: kina kioo kidogo chenye namba? Kina tundu la kuchajia kama la simu? Kina taa ndogo inayowaka ukibonyeza? Kikiwa na hivyo ni cha saketi. Kikiwa ni bomba tupu la shaba au chuma na kitufe chini, ni meki.

Mama Abdul Tandika:
Marahaba mwanangu. Hakina kioo, hakina tundu. Ni kama kitochi cha zamani, kitufe kiko chini, kina pete inayozunguka. Na kuna betri nyingine peke yake imefungwa kwenye leso, pamoja na funguo za geti na shilingi mia tano.

Fundi Aggrey:
Mama, anza na hiyo betri ya kwenye leso. Itenge na funguo na hela sasa hivi. Iangalie nailoni yake, imechanika popote?

Mama Abdul Tandika:
Imechanika juu, karibu na ile sehemu yenye kichwa. Naona chuma.

Fundi Aggrey:
Basi ndiyo hiyo. Betri hii mwili wake wote ni hasi, umepanda mpaka ukingoni pale juu. Kati yake na kile kichwa cha chanya ni nailoni na kiduara kidogo tu. Ufunguo ukilala hapo, ni shoti. Iweke peke yake kwenye bakuli la udongo au la kioo, mbali na godoro na mapazia, usiifunge na chochote. Usiichaji. Ile pete kwenye bomba izungushe mpaka kitufe kisibonyezeke, halafu fungua utoe betri iliyo ndani, nayo uiweke peke yake. Kesho niletee vyote hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo.

Injinia Tegeta:
Mama, fuata alivyosema fundi. Ongeza moja tu: kesho betri zisafiri kila moja kwenye kikasha chake cha plastiki. Na fundi, koili ipimwe kabla ya kurudishiwa kijana.

Fundi Aggrey:
Mita ninazo mbili, Injinia. Ya pili ni yako ukija.

Kijana wa Mbezi:
Wakuu, bado sijajibiwa. Zipigwe marufuku au zisipigwe?

Msomi Asiye na Kazi:
Mkuu, kuna mtu anahamisha betri kwenye bakuli. Subiri kidogo.

Mama Abdul Tandika:
Nimeshaweka. Bakuli la futari. Abdul amekasirika anasema namwaibisha. Fundi, hapo Aggrey uko upande wa Msimbazi au wa Likoma?