Mrejesho: makala za utafiti wa udumavu Iringa

Habari wakuu, mtakumbuka niliomba msaada wa kupata makala za kisayansi za bure kuhusu udumavu wa watoto Iringa, na jinsi ya kuzinukuu kwa Vancouver, ule mtindo wa kunukuu kwa namba. Nimepata, asanteni sana. Yule aliyenielekeza niulizie Hinari pale maktaba ya chuo Mungu akubariki, ni mpango wa WHO tangu 2002, chuo kikishasajiliwa mnasoma majarida ambayo nje yanadai dola na Tanzania tumo. PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za afya, nayo imenikaa, ukitafuta kwa maneno ya MeSH (orodha yake rasmi ya maneno ya mada) zinabaki makala zinazohusu tu, halafu AND na OR za kuunganisha maneno ziandikwe kwa herufi kubwa. Ile asilimia karibu 57 ya udumavu Iringa inayotajwa kila mahali bila chanzo, nimeifuata mpaka kwenye ripoti yenyewe ya TDHS 2022, ule utafiti wa kitaifa wa afya, na ndo ninayoinukuu, maana watoto wa Kilolo na Mufindi wanastahili takwimu yenye chanzo jamani. Kunukuu natumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, bure kabisa, ukihamisha aya namba zinajipanga upya zenyewe, ila kagueni majina ya waandishi kwa macho, mengine yanaingia yamekosewa. Supavaiza kapitisha sura ya pili ya utafiti wangu, sasa hivi naandika ya tatu.