Bata wa mwitu wamevamia bustani Dunga, nifanye nini kabla hawajawekewa sumu?

MamaBustani_Ksm

Jameni habari zenu. Mimi nasimamia bustani ya kukodisha huku upande wa Dunga, Kisumu, tunafanya harusi, graduesheni, mikutano ya chama, vitu kama hizo. Katikati kuna kidimbwi mwenye ploti alichimba kwa ajili ya urembo, na nyasi tunaikata fupi kila wiki, kiangazi tunaimwagilia ibaki kijani. Sasa shida ni bata. Si wa kufugwa, ni wale wa kahawia wakubwa wakubwa wako na doa la kahawia iliyokolea kuzunguka jicho, miguu inakaa pinki, wakiruka ndio unaona nyeupe kwa mabawa. Walianza wawili, wageni wakafurahi wakawa wanapiga picha na kuwarushia keki, saa hii asubuhi ukifungua geti ni kundi zima limejaa kwa nyasi. Kinyesi kila mahali, kwa kapeti, kwa viti, na bibi harusi anapita hapo gauni inaburuta chini. Halafu kuna dume moja na mke wake wamefanya kiota juu kwa mnara wa tangi la maji, mtoto akisogea pale chini dume linamjia mbio na mabawa yametandazwa, juzi kuna kamtoto kalianguka kikakwaruzwa goti mamake akataka turudishe pesa.

Tumepiga mawe, wanaenda upande wa ziwa, jioni wamerudi. Sasa soja, mlinzi wetu, ameniambia kuna mtu anaweza kumuuzia dawa ya kuchanganya na mahindi, wafe wote usiku mmoja, na mwenye ploti ameanza kumsikiza. Mimi roho imekataa kabisa. Kuna watoto hapa, kuna mbwa, kuku za jirani zinaingia, na hao ndege wenyewe wamekosa nini jamani. Nisaidieni na kitu kinafanya kazi kweli nimpelekee huyu mzee kabla hajaamua.

ndege_wa_nyanza

Mama pole, na asante kwa kukataa hiyo sumu. Huyo unayemweleza ni bata bukini wa Misri, ndiye yule yule yuko Nakuru kando ya ziwa, Naivasha, na huku kwetu pande zote za Victoria. Mimi hutembeza wageni kuangalia ndege kwa hivyo wacha niseme kirefu kidogo.

Huyu ndege chakula chake kikubwa ni nyasi, na si nyasi yoyote, anataka ile fupi laini inayochipua. Anataka maji karibu ya kukimbilia. Na anataka mahali pako wazi, aone mbwa ama mtu akiwa bado mbali. Sasa angalia hiyo bustani yako, hivyo vitatu vyote viko, na nyinyi mnavitengeneza upya kila wiki na mashine ya kukata nyasi. Ukimfukuza bila kubadilisha hapo atarudi, na usipomwona yeye utaona mwingine.

Kwa hivyo anza na kidimbwi. Ukanda wa kukizunguka wote usikatwe tena, uache nyasi ipande ifike magotini hata kiunoni, na upande mafunjo ama matete pale maji yanaanza, yasiwe na mwanya. Bata haingii kwa nyasi ndefu asiyoona ndani yake, hajui kama kuna paka ama nyoka amejificha. Wakati unangoja mimea ikomae weka waya ya kuku kuzunguka maji, urefu wa goti ama zaidi kidogo unatosha. Utasema si ataruka juu, ndiyo ataruka, lakini vifaranga haviruki mpaka vifike kama miezi miwili na zaidi, na wazazi hawapendi kukaa mahali watoto hawawezi kutembea kutoka kwa maji kwenda kwa chakula na kurudi. Kuna pia wakati wakubwa wenyewe wanapukutisha manyoya ya kuruka yote mara moja, wiki kadhaa hawapai, na wakati huo ndio wanachagua maji yenye njia rahisi kabisa ya kutoka.

Halafu hiyo ya keki iishe. Chapati, wali, mandazi, yote. Mwambie em-si atangaze kwa maiki kabla ya chakula, na watu wa keterini wasimwage mabaki karibu. Ndege aliyezoea kulishwa anakosa woga, na huyo ndiye anaenda kumkimbiza mtoto.

Mbwa anasaidia sana lakini kwa utaratibu, asubuhi na jioni, ameshikwa na kamba, kila siku bila kuruka siku, awasumbue tu waone hapo hapakaliki. Asiwashike. Na kukiwa na vifaranga mbwa asipelekwe kabisa. Sanamu za mtu, sidii za kuning'iniza, utepe wa kung'aa, hizo wanazizoea haraka, labda uwe unazihamisha hamisha na unachanganya na mbwa.

jamaa_wa_kondele

Mbona msichinje tu, bata mmoja hapo ni karibu kilo mbili ya nyama na maisha imepanda. Soja apewe ruhusa awatege na kamba bila sumu, shida imeisha na watu wamekula.

Mto_Nzoia

@jamaa_wa_kondele hapana kaka. Kwanza sheria, ile ya wanyamapori ya 2013, ndege wa mwitu huwezi kumuua ama kumtega kwa sababu tu ameingia kwa kompaundi yako, unahitaji kibali, na wa kukupa huo mwongozo ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hata soja akishikwa atasema alitumwa na mwenye ploti.

Lakini mimi nataka kuongea juu ya sumu kwa sababu natoka Bunyala na hii kitu nimeiona na macho. Kwa mashamba ya mpunga kule watu walikuwa wanatumia Furadan, ile dawa ya wadudu ya punje za zambarau, wanachanganya na mpunga kwa ajili ya bata, na konokono kwa ajili ya wale korongo wa mdomo wenye mwanya. Wanafunga ndege mzima hapo akiwa hai aite wenzake. Wakishuka wanakula, wanaanza kuyumba, wanaokotwa, wananyonyolewa, na nyama inaenda sokoni. Nyama yenye sumu, inaliwa na watoto. Kampuni ya Marekani iliyokuwa inaitengeneza ilianza kuiondoa kwa maduka ya Kenya 2009 baada ya televisheni ya kwao kuonyesha vile inaua simba, na bado hata baadaye ndege waliendelea kuokotwa wamekufa Bunyala.

Sasa fikiria hiyo mahindi ya soja. Bata akiila hafii hapo pengine, anaruka anaenda kufia kwa maji ama kwa shamba la mtu. Mbwa anamla, mwewe anamla, mtu anamwokota anasema Mungu amempa kitoweo. Mama mwambie huyo mzee hakuna sumu inabaki ndani ya fensi.

MkulimaAhero

Nimewasoma wote na nakubali ya sumu, lakini nyinyi mnaongea juu ya kapeti na gauni. Sisi huku Ahero na West Kano bata ni hasara ya chakula na mkopo. Na si hao wa kahawia peke yao, kuna wale wakubwa weusi wenye tumbo jeupe na mdomo mwekundu, wako na mwiba kwa bawa, dume linafika hata kilo sita, likitua kwa nasari ya mpunga, pale tunaotesha miche, na wenzake asubuhi unakuta wamekanyaga na kung'oa miche. Halafu wale bata wadogo wanaopiga mluzi wanakuja usiku, wao wanafuata mbegu tu. Mchana tuko na kwelea kwelea, wale ndege wadogo wa makundi, watoto wanalinda na debe na kombeo, usiku nani analinda?

Na ukienda kuuliza fidia unaambiwa angalia orodha kwa sheria, ndovu yumo, kiboko yumo, nyati, mamba, bata hayumo. Kwa hivyo mtu akimwona mkulima ameshika sumu ajue pia hakuna aliyemshika mkono. Nasema hivyo si kumtetea, mimi mwenyewe sijawahi weka na sitaweka, Mto_Nzoia amesema ukweli kuhusu hiyo nyama.

Kitu inatusaidia ni maji. Ukishamwaga mbegu kwa nasari usiache maji yametuama usiku, yatoe, ubakishe udongo wa tope tu, bata anapenda kuogelea akichuja mbegu, pakikauka hivyo raha inapungua. Tunapanda pia pamoja, bloku nzima siku zinazokaribiana, kwa sababu anayepanda peke yake mapema ndiye analisha ndege wote wa Kano. Nasari ndogo unaweza kuifunika na neti mpaka miche ipate nguvu. Kulala shambani na tochi bado kuko, hakuna njia.

ndege_wa_nyanza

@MkulimaAhero umesema kweli na sitapinga, mashamba yenu ni shida kubwa kuliko bustani. Huyo mweusi ni bata bukini wa mwiba. Na kwa jamaa anayefikiria nyama, huyo hasa ajihadhari naye, kule Gambia anakula mbawakawa fulani wenye sumu ya kubabua ngozi, na sumu hiyo inabaki kwa mwili wake, mtu anaweza kudhurika kwa kumla hata kama hakuna aliyemwekea kitu.

Mluhya_Minnesota

Nimetoka Kakamega, naishi Marekani, Minnesota, na hii stori imenigusa kwa sababu huku bata bukini wa Kanada ndio mjadala wa kila msimu, bustani za mji, viwanja vya shule, gofu, maegesho ya hospitali. Na wajua kitu gani, ile aina yao kubwa kabisa watu waliamini imeisha duniani, halafu 1962 ikatambuliwa hapa hapa Minnesota, mji wa Rochester, kwa ziwa dogo la katikati ya mji. Wakalindwa, wakasambazwa majimbo mengine, nyasi fupi ziko kila mtaa, na leo ndio hao wamejaa.

Huku pia huwezi kuwaua ovyo, kuna sheria ya ndege wanaohama ya 1918. Wanachofanya ni mayai. Mwenye ardhi anajiandikisha kwa serikali ya shirikisho, halafu anapaka mayai mafuta ya mahindi, hewa haipiti kwa ganda, hayaanguliwi, na mama anaendelea kuyaatamia badala ya kutaga mengine. Mayai yakishakaribia kuanguliwa hawayagusi, wanayapima kwanza kwa maji, likielea wanaliacha. Wanatumia pia mbwa wa kuchunga kondoo, wanawanyemelea tu bila kuuma.

Hii ya mafuta msiichukue hivyo hivyo muifanye huko, huku iko na kibali chake na huko ni KWS waseme. Lakini wakuu wa huko wasichukulie hii kitu rahisi. 15 Januari 2009 ndege ya abiria ilipaa New York ikagonga kundi la hawa bata, injini zote mbili zikapoteza nguvu, rubani akaiteremsha kwa mto Hudson, watu 155 wote wakapona. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya ziwa. Kila kidimbwi na kila jaa la takataka hapo karibu ni jambo la kuangalia.

MamaBustani_Ksm

Mungu awabariki, nimesomea mwenye ploti ile ya Bunyala kwa simu akanyamaza kabisa, halafu akasema soja asiguse kitu. Waya ya kuku amekubali kununua, mafunjo nitatoa hapa hapa Dunga kwa watu wa bichi. Imebaki mambo mawili. Kile kiota cha juu ya mnara wa tangi, nimepanda na ngazi nikaona mayai, nikitoe? Na kinyesi ni hatari kwa watoto ama ni uchafu tu?

daktari_mifugo_nax

Mimi niko Nakuru, ni daktari wa mifugo. Mama mayai usiyatoe. Ukishayakuta yako hapo, piga simu ama fika ofisi ya KWS, kwenu ni pale hifadhi ya Impala, waeleze kuna watoto na dume linashambulia, wao ndio wa kusema kinachofuata. Wakikwambia ngoja, si muda mrefu, jike linaatamia kama siku 28 mpaka 30. Wakati huo funga hiyo sehemu na utepe, hamisha viti na bembea za watoto mbali, na dume likikujia usigeuke kukimbia, rudi nyuma pole pole ukiliangalia. Vifaranga vitajirusha chini vyenyewe na wazazi watavipeleka kwa maji. Wakishaondoka, siku hiyo hiyo ziba huo mnara na waya, kwa sababu msimu ukirudi watarudi hapo. Kagua miti pia, ukiona kile kiota kikubwa cha vijiti cha ndege fundichuma, hao bata hupenda kukiteka.

Kinyesi kinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, salmonela na vingine, kwa hivyo si uchafu tu. Kifagiwe kikiwa kibichi kwa nyasi, kwa simiti kimwagiwe maji kwanza kisifanye vumbi, anayefagia avae glavu, na watoto waoshe mikono na sabuni kabla ya keki. Kuku za jirani zisinywe kwa hicho kidimbwi. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege iliua ndege wengi wa mwitu upande wa Uganda, hapo Lutembe karibu na Entebbe, ziwa ni hili hili letu, na Kenya ikafunga kuingiza kuku kutoka huko. Ukiona ndege kadhaa wamekufa pamoja usiwashike, ita ofisi ya mifugo ya kaunti.

Na hilo tangi, kama maji yake yanaenda jikoni, lifunikwe leo.

MamaBustani_Ksm

Yanaenda jikoni daktari. Fundi amepanda saa hii na kifuniko, amepitia ule upande mwingine asiwasumbue.