Soketi za nyumba ya vyumba vitatu: ringi, redieli za 20A, au redieli za 4 mm²?

Msumari_Kona
Wakuu, naomba mnilinganishie. Nyumba ya kawaida, Dar, kama mita za mraba 95: sebule, jiko, vyumba vitatu na korido. Soketi dabo 16 za 13A. Paipu za milimita 20 zimeshalazwa, nyingine ukutani na nyingine juu ya dari chini ya bati. Waya bado haujavutwa. Nimepewa mapendekezo matatu:

1. Ringi moja (waya unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka) ya 2.5 mm², breka ya 32A.
2. Redieli tatu (waya unaishia soketi ya mwisho, haurudi) za 2.5 mm², kila moja na breka ya 20A.
3. Redieli mbili za 4 mm², kila moja na breka ya 32A.

Jikoni kuna birika la 2 kW, maikrowevu inayovuta 1.2 kW, presha kuka ya umeme ya 1 kW na friji. Shawa ya moto ina waya na breka yake, hiyo iacheni. Nichukue ipi, na kwa nini?

Paipu20
Ringi. Ukubwa wa eneo unaruhusu: kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa huku tumefundishwa, zinaipa ringi ya 32A hadi mita za mraba 100, redieli ya 2.5 mm² kwa 20A mita 50, na ya 4 mm² kwa 32A mita 75. Ringi inakupa 7.3 kW kwa waya mwembamba, kwa sababu kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) nayo ina njia mbili: ikikatika upande mmoja, soketi zote bado zina ethi. Redieli haina hilo. Ethi ikichomoka soketi ya pili, zote zinazofuata zimebaki bila kinga na hakuna atakayejua.

Koleo_Jekundu
Hoja ya ethi ni ya kweli, naikubali. Ila ubaya wa ringi umejificha palepale kwenye uzuri wake.

Ringi ikikatika laivu (waya unaoleta umeme) au nyutro (unaourudisha) mahali popote, hakuna kinachozimika. Soketi zote zinaendelea kuwaka, testa inawaka, birika linachemka. Sasa una redieli mbili za 2.5 mm² nyuma ya breka ya 32A, na mzigo wote unaweza kuangukia upande mmoja. Tupige hesabu. Waya wa 2.5 mm² wenye ganda la PVC, ndani ya paipu, unabeba 24A hewa ikiwa nyuzi joto 30. Chini ya bati mchana weka 40, kipunguzo ni 0.87, unabaki na 20.9A. Breka ya 32A kwa kiwango chake inatakiwa isikate kwa saa nzima hata mkondo ukifika mara 1.13, yaani 36A. Waya wa 21A unapitisha 36A na breka imetulia. Ganda linakauka, linapasuka, na siku ya shoti ndipo mwenye nyumba anajua.

Redieli ikikatika laivu au nyutro, soketi za mbele zinazima. Mtu anaita fundi siku hiyohiyo.

Kwa hiyo namba 2. 20A chini ya 20.9A, hesabu inafunga hata darini.

Paipu20
Inafunga kama kila redieli ina paipu yake. Mafundi wengi wanatoa redieli tatu kwenye DB (boksi la breka) kwa paipu moja. Sakiti mbili zenye mzigo ndani ya paipu moja zina kipunguzo cha 0.80, tatu 0.70. 24 × 0.87 × 0.80 ni 16.7A. Hapo breka ya 20A ni kubwa kuliko waya.

Koleo_Jekundu
Sahihi kabisa, na hilo aliangalie kabla ya kuvuta. Kama sakiti mbili ziko paipu moja, ama weka breka za 16A, ama pitisha paipu nyingine; zikiwa tatu hata 16A ni kubwa, pitisha paipu nyingine. Kwa vyumba vya kulala 16A inatosha na kubaki: chaja, feni, pasi, TV.

Namba 3 naifuta. 4 mm² kwenye paipu ni 32A kwa nyuzi 30. Kwa 40 inashuka hadi 27.8A. Breka ya 32A haikai hapo, weka 25A. Halafu nyaya mbili za 4 mm² kwenye skrubu moja ya soketi dabo zinabana vibaya. Boksi la kina cha milimita 25 halitoshi, unahitaji 35, vinginevyo unasukuma soketi kwa nguvu na waya unalegea nyuma ya ukuta.

Stima_Mtaani
Hapa Kenya pia ringi ndiyo iko nyumba nyingi za zamani. Mimi nauliza tu: mnapimaje ringi kwamba kweli imefunga? Kuna mafundi wanachukua ncha mbili kwenye DB, wanasikia mlio wa mita, wanasema imeiva.

Koleo_Jekundu
@Stima_Mtaani mlio hautoshi. Kama mtu ameunganisha njia ya mkato katikati (soketi mbili zimefungwa waya wa tatu), mlio utasikika na bado kuna sehemu ya ringi inayoning'inia.

Utaratibu wenyewe: zima meni swichi, hakikisha hakuna umeme, toa ncha zote za ringi kwenye DB. Pima laivu hadi laivu, nyutro hadi nyutro, ethi hadi ethi. Shaba ya 2.5 mm² ina omu 0.0074 kwa mita, kwa hiyo ringi ya mita 60 inasoma kama 0.44. Nyutro isome hivyohivyo. Ikitofautiana kwa zaidi ya 0.05 kuna kiungo kilicholegea. Ethi ikiwa ya 1.5 mm² itasoma 0.73 hivi. Kisha kutanisha: laivu ya mguu wa kwanza na nyutro ya mguu wa pili, na kinyume chake. Nenda kila soketi upime laivu na nyutro. Zote zisome karibu sawa, robo ya jumla ya zile mbili, hapa 0.22. Soketi inayosoma juu zaidi imetoka kwenye ringi kama tawi, au kiungo chake kibovu. Rudia kwa laivu na ethi.

Mita ya bei nafuu ina 0.2 hadi 0.5 kwenye nyaya zake zenyewe. Gusanisha ncha zake kwanza, toa namba hiyo. Ikicheza-cheza, usiitumie kwa kazi hii.

Sasa jiulize: ni nyumba ngapi zimewahi kupimwa hivyo siku ya kukabidhiwa, achilia mbali miaka mitano baadaye? Ndiyo maana nasimamia redieli. Ringi ni nzuri mikononi mwa anayeipima.

Msumari_Kona
Nimeelewa. Swali la pili, msinicheke. Fundi mmoja anasema kwa kuwa rodi ya ethi (chuma kinachopigwa ardhini) bado, kwa sasa aunganishe ethi ya soketi na nyutro palepale nyuma ya soketi, "kazi ni ileile".

Ganda_la_Waya
HAPANA. Nyutro ikikatika au ikilegea kabla ya soketi hiyo, mkondo unapita kwenye kifaa, unarudi kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, na kupitia kile kiungo unafika kwenye bodi (chuma cha nje) ya friji na ya pasi. Chuma chote kilichochomekwa kinakuwa na volti 230 bila hitilafu yoyote kwenye kifaa. Bora hata soketi isiyo na ethi kuliko hiyo. Na RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ikiwepo, rodi ikishaungwa itakuwa inakata kila mara, halafu huyohuyo fundi ataitoa akisema mbovu.

Rodi isisubiri. Nyumba nyingi zetu zinaitegemea yenyewe tu, na peke yake haiwezi kukatisha breka. Chukua rodi nzuri ya omu 50: 230 gawa kwa 50 ni 4.6A. Breka ya 20A hata haijui kuna tatizo, na bodi ya kifaa inabaki na umeme. Kinachokata ni RCCB ya 30 mA. Kihesabu, 30 mA inavumilia rodi ya hadi omu 1,667 bila chuma kuzidi volti 50, lakini ikizidi 200 usiiamini, kwa sababu kiangazi udongo unakauka na namba inapanda. Ikiwa juu, ongeza rodi ya pili, umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe. Chumvi na mkaa achana navyo: mvua inaiosha chumvi, na kabla haijaisha inakula klampu. Klampu ionekane, isifukiwe kwa zege.

Kingine: kile kitufe cha majaribio cha RCCB hakipimi rodi. Kinapima RCCB yenyewe tu. Kitakata hata kama waya wa ethi umekatika jana.

Paipu20
Nyongeza. RCCB haikati kwa mzigo kuzidi, breka zibaki palepale. Na ukiweka RCCB mbili (nashauri hivyo, birika likivuja taa zisizime), nyutro za kila upande zirudi kwenye baa yake ya nyutro ndani ya DB. Zikichanganyika zinakata ovyo na utazunguka nyumba nzima ukitafuta kifaa kibovu kisichokuwepo.

Kivu_Waya
Huku Bukavu ringi hatuitumii. Soketi zetu ni za mtindo wa Ulaya, tundu mbili za mviringo na pini ya ethi inayochomoza, na plagi hazina fyuzi. Ndiyo sababu sakiti zote ni redieli za 16A au 20A: breka ndiyo inalinda hata kamba ya taa ya mezani. Kanuni ya Ubelgiji ni soketi 8 kwa sakiti. Ya Ufaransa 12 kwa 2.5 mm² na 20A. Ringi ya 32A inakubalika huko kwenu kwa sababu tu kila plagi ina fyuzi yake.

Ganda_la_Waya
Hapo umegusa penyewe. Sasa angalieni nyumba zetu: plagi za pini mbili kila kona, na kalamu inachomekwa tundu la ethi ili kufungua vile vifuniko vya ndani. Hapo umeondoa fyuzi, kamba ya 0.75 mm² yenye uwezo wa 6A iko nyuma ya breka ya 32A. Pini za mviringo hazibanwi vizuri na soketi ya pini bapa, zinatoa cheche, soketi inageuka kahawia na kutoa harufu kama ya samaki. Ukisikia harufu hiyo, soketi itolewe, si kukaza skrubu. Dawa ni kukata plagi na kufunga ya 13A, au adapta yenye fyuzi.

Kufunga plagi ya 13A: fungua, ethi ikiwa juu. Kahawia kulia kwenye fyuzi (L), bluu kushoto (N), kijani-njano juu (E). Ethi iache ndefu kuliko zote, ili kamba ikivutwa laivu ichomoke kwanza na ethi mwisho. Menya milimita 6 hivi, sokota, usipake risasi ya kulehemu: risasi inalegea chini ya skrubu na kiungo kinapata moto. Kibana kamba kikamate ganda la nje, si nyaya za ndani. Fyuzi: 3A hadi wati 690, juu ya hapo 13A. TV na feni zipewe 3A.

Stima_Mtaani
Na rangi? Kuna roli nyekundu, nyeusi, kijani dukani hadi leo.

Koleo_Jekundu
Ni za zamani: nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Tumia seti moja nyumba nzima. Nyuma ya soketi fuata herufi, si upande, maana ukiigeuza kulia kunakuwa kushoto. Na testa ya bisibisi haiwezi kukuambia kama nyutro na ethi zimebadilishana. Hata kile kipimo cha taa tatu cha kuchomeka hakijui.

Kabla ya kununua, mchubue waya kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini iliyovikwa shaba, rudisha. Waya wa 2.5 mm² wa nyuzi saba, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67, ukipima 0.53 umeuziwa 1.5 kwa jina la 2.5. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) isikutoshe bila kupima. Roli za yadi 100 ni mita 91, si 100.

Msumari_Kona
Basi naenda na namba 2, ila jiko likae peke yake. Nimejumlisha: 8.7 + 5.2 + 4.3 na friji 1, inafika 19.2A vyote vikiwaka.

Koleo_Jekundu
Imefika ukingoni. Toa friji humo, iunge redieli ya sebule, jiko libaki na 18A. Soketi za jiko zikae sentimita 30 au zaidi kutoka sinki. Paipu ya jiko ibebe sakiti ya jiko tu. Sakiti mbili zilizobaki zikigawana paipu, zipe breka za 16A. Ethi iwe 2.5 mm² kama laivu, usiokoe hela hapo, kwa sababu ni njia moja tu. Kila soketi, sokota ethi mbili pamoja kabla ya kuziingiza kwenye skrubu, kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono.

Paipu20
Na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) asaini fomu baada ya kupima, si kabla. Kama utaweka inveta au jenereta baadaye, mwambie sasa aache nafasi ya swichi ya kubadilishia kwenye DB. Kuzima meni ya LUKU (umeme wa mita ya kulipia kabla) hakuondoi umeme kwenye soketi zinazolishwa na inveta.