Rafiki kafiwa, mimi ndani kimya. Utoto wangu umeniua huruma?

Kimya34: Habari zenu ndugu. Nina miaka 34, mama wa mtoto mmoja. Nimekulia nyumba ya vipigo. Kwa jinsi mlango ulivyofunguliwa tu, nilijua usiku ule utakuwaje. Mpaka leo mtu akiingia najua kama ana hasira kabla hajafungua mdomo.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa karibu alifiwa na mama yake. Alinililia begani, nikawa kama gogo. Nilijua anachohitaji kusikia, nikakisema, lakini sikuhisi chochote. Ila mwanangu akianguka akalia, mwili unawaka, natamani kukimbia. Baadaye najichukia. Daktari aliwahi kuniambia nina msongo wa baada ya kiwewe (PTSD), yaani athari za akili zinazobaki baada ya mambo ya kutisha, sikurudi tena. Naombeni ushauri, msinitukane.

Tulizo: Pole sana dada. Mimi ni mshauri nasaha, na wengi ninaowahudumia ni wanawake. Msongo huu huwapata wanawake takriban mara mbili ya wanaume.

Unaita huruma vitu ambavyo si kimoja. Kumsoma mtu ni kitu kimoja, kuhisi pamoja naye ni kingine. Kumsoma ulijifunza utotoni ili usipigwe, ndiyo maana unakuweza sana. Kuhisi ndiko kulikokufa ganzi, na ganzi hiyo, kujiona uko mbali na watu hata unaowapenda, ni dalili inayotambulika ya msongo wenyewe. Si tabia yako. Kwa mwanao ni kinyume kabisa: maumivu yake yanakuingia yote, hofu ya zamani inaamka, na mwili unatafuta pa kutokea. Asiye na huruma asingewaka hivyo.

BabaTatu: Samehe waliokuumiza, dada, na uombe. Yataisha.

Nuru_ya_Asubuhi: Kaka, nakuheshimu, ila mimi niliomba na kusamehe, na bado nilikuwa nashtuka usiku. Kilichonisaidia ni tiba. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, na ile ya kusogeza macho huku unakumbuka tukio. Nilipitia ya pili. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, sitakudanganya.

Msomaji_Mkimya: Utafiti uliochapishwa 2018 kwenye jarida la PLOS ONE ulikuta watu wazima waliosema walipata kiwewe utotoni wana huruma zaidi, kwa wastani, kuliko wasiokipata. Walijaza dodoso wenyewe, kwa hiyo haumalizi mjadala. Lakini hilo wazo lako kwamba utoto wako uliua huruma, mimi silikubali.

Kimya34: Nimesoma mara tatu. Nitarudi kwa daktari wiki hii. Mwanangu akilia leo usiku nifanyeje?

Tulizo: Kaa chini, miguu iguse sakafu, toa pumzi polepole mara tatu, ndipo umbebe. Ukishindwa, mwambie, "Mama anakuja," na uende kweli.

Kimya34: Na rafiki yangu?

Nuru_ya_Asubuhi: Mpigie. Mwambie ulikuwa umekufa ganzi, na kwamba ulimwona.