Mti wa kumkumbuka bibi: mkungu au mkoko?

Mjukuu wa Tudor

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mtaa wetu hapa Tudor, Mombasa, utakuwa na siku ya kupanda miti masika yajayo, na kila nyumba imeombwa ilete angalau mti mmoja. Sisi tumekubaliana kwamba wetu uwe wa kumkumbuka bibi yetu mzaa mama, aliyetangulia mbele ya haki mwaka jana. Alitulea chini ya mkungu uliokuwa uani kwake: baada ya swala ya alfajiri akifagia majani mekundu kwa fagio la chelewa, na jioni akitandika mkeka pale pale na kusuka ukili, huku sisi tukipasua kungu kwa jiwe ili tule kiini. Nyumba ilipouzwa, mkungu ulikatwa, na hatuna hata picha yake. Mimi nataka tupande mkungu pembeni mwa uwanja wa watoto. Kaka yangu anataka mkoko, kwa kuwa kupanda mikoko ufukweni ndiyo kazi kubwa ya siku hiyo. Naomba ushauri.

Mzee wa Mikindani

Waalaykumu salamu, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Mbegu ya mkoko huchipua ingali inaning'inia kwenye mti wake, ikawa ndefu kama kijiti, na kuipanda ni kuichomeka tu kwenye tope ncha ikiwa chini. Kazi ni nyepesi, lakini maji huchukua nyingi na kaa hutafuna nyingine, na ukirudi baada ya mwaka hutatambua upi ulikuwa wako. Pandeni mikoko, tena mingi, kwa maana samaki hukulia humo na ufuko hushikwa na mizizi yake; ila jina la marehemu msilifungie mmoja. Mkungu hustahimili chumvi na mchanga, na matawi yake hutanda kama dari. Uwekeni mbali na ukuta na shimo la maji machafu, kwa sababu mizizi yake haina adabu.

Mama wa Kisauni

Naongeza la maji. Tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilipotoa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, nilipanda mwarobaini kwa ajili ya marehemu baba yangu. Mvua ilinyesha sana, nikajisahau. Ilipofika Februari, kaskazi linavuma na ardhi imekauka, niliukuta umebaki kijiti cheusi. Nililia kama siku ya msiba. Wa pili nimeupanda masika, na wajukuu wana zamu ya kumwagilia kila Jumamosi. Basi, mwanangu, pangeni zamu kabla hamjachimba shimo. Tena ulizeni: mkungu wa bibi haukuacha mtoto popote?

Mjukuu wa Tudor

Shukrani sana, wazee wangu. Swali la mama nililifikisha kwa mjomba, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba jirani wa zamani wa bibi ana mkungu ulioota kutokana na kungu iliyodondokea upande wake wa ua. Tumeomba ruhusa, na Jumapili tunakwenda na kaka yangu kuokota kungu zilizokauka ili tuzioteshe kwenye mifuko mapema. Yeye bado atapanda mikoko yake. Nami nimemwahidi kwamba nitaingia naye topeni.