UZI: Picha za zamani za Moshi (na Arusha kidogo). Jengo lipi limebaki, lipi limekwenda? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Karani

Habari za jioni wadau.

Msiba wa baba ulipoisha tulikaa kugawana vitu. Wenzangu wakachukua redio, baiskeli na koti la sufu. Mimi nikaachiwa kopo la biskuti limejaa picha, kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Lilikaa juu ya kabati miezi mitatu.

Nilipolifungua nilikuwa natafuta sura tu, huyu shangazi, huyu sijui nani. Mama ndiye aliyenizindua. Nilimpa picha ya baba na wenzake watatu, wamesimama wima kama askari wa gwaride, kingo za picha zina meno meno. Mama wala hakuwatazama. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja nyuma yao: "Hapa ndipo tulikuwa tunanunua mafuta ya taa. Ona bati la kibaraza, kona imepinda. Lori la mkaa lile."

Kweli kulikuwa na duka, nguzo nne nene, na juu kabisa mwaka umefinyangwa kwa saruji: 1938. Asubuhi yake nikashuka mjini. Hapo sasa pana ghorofa la vioo, chini wanauza simu. Nguzo moja tu ndiyo imebaki, wameibandika vigae vya bafuni.

Tangu siku hiyo ninatembea na hizo picha mfukoni. Naanza na aibu yangu ili na nyie msione haya kuleta zenu. Jamaa alinitumia nakala ya picha ya kituo cha Wajerumani, chini imeandikwa "Moschi". Nilizunguka mjini wiki nzima, kuanzia stesheni mpaka Kiusa, natafuta ule ukuta wa mawe. Wazee wa kahawa wananitazama tu. Mwishowe meku (mzee) mmoja akanionea huruma: "Mwanangu, huku chini unatafuta nini? Hiyo ni Moshi yenyewe. Panda juu."

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho kila mtoto wa huku anakijua. Reli kutoka Tanga ilifika hapa 1911, ikaishia tambarare, na mji ukaota pembeni ya reli. Kabla ya hapo Moshi ilikuwa kule juu tunakokuita Old Moshi, kwa Mangi (chifu) Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga hukohuko tarehe 2 Machi 1900. Jina ndilo lililoshuka na reli. Kwa hiyo ukiona "Moschi" kwenye picha ya kabla ya reli, usihangaike na daladala za mjini. Ikiandikwa "Neu-Moschi", hiyo ndiyo ya huku.

Haya, shusheni zenu.

Binti wa Stesheni

Mkuu umefukua makaburi. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli, tulikulia kwenye kota. Nina picha ya mama, mwaka 1974, yuko stesheni ya Moshi na sanduku la bati, gauni la maua, mimi nimo tumboni. Anasubiri treni ya kwenda Tanga kujifungulia kwao. Nyuma yake unaona milango ya mbao na benchi refu.

Halafu treni za abiria zikafa. Miaka mingi stesheni ikawa ya mbuzi na vijana wa bao. Ziliporudi Desemba 2019, mama akasema lazima twende, hata kama hatusafiri. Tukampeleka. Nikamwambia asimame palepale nimpige nyingine. Alibishana na mimi nusu saa nzima kwamba si hapo, ni hatua kumi kushoto, kwa sababu kwenye picha ya zamani kivuli cha paa kinamkata begani. Tukasogea. Kivuli kikamkata begani. Saa ilikuwa ileile, saa nne asubuhi.

Benchi halipo.

Mwana Kaloleni

Wa Moshi mmezidi kujipendelea, Arusha mnaiachia nani?

Mama yangu ana picha ya darasa la kufuma sufu, kina mama kama kumi na wawili wako kwenye ngazi za ukumbi mdogo, kila mmoja na kitambaa chake. Tulikuwa tunaipita tu kwenye albamu. Siku moja mtoto wangu katoka ziara ya shule, akaiona akasema, "Bibi, mbona mko makumbusho?" Ukumbi ule wa ustawi wa jamii ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokaa Januari 1967 ikapitisha Azimio la Arusha. Tangu 1977 ni makumbusho ya Azimio. Mtu akisikia Azimio anafikiria bonge la jumba, kumbe ni kaukumbi tu, mama anasema wakipika chai nje moshi wote uliingia ndani.

Na baba naye ana yake. Amesimama mbele ya jengo tunaloliita AICC, lile la mikutano ya kimataifa, tai imemkaba, nyuma ya picha kaandika "Kazi mpya". Miaka ya sabini hayo yalikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977. Jengo lipo mpaka leo, kazi ndiyo haikukaa.

Mjukuu wa Karani

@Mwana Kaloleni hiyo ya nyuma ya picha ni muhimu. Wadau, geuzeni picha zenu. Kuna muhuri wa studio, kuna tarehe, kuna jina la karatasi. Mimi huwa naanzia nyuma.

Kahawa Chungu

Babu alikuwa karani wa chama cha msingi Kibosho. Kila mwaka alishuka KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, na vitabu vya hesabu, na kila mwaka alipiga picha mbele ya jengo lile. Ninazo saba. Ushirika ule ulianza 1933, na Wachaga wa wakati huo hawakuona aibu kujenga jengo la kuonekana.

Nikizipanga hizo saba naona mji unavyokua bila kuhama mahali. Ya kwanza barabara ni ya vumbi na kuna baiskeli mbili. Ya nne kuna lami. Ya sita mti wa kushoto umekatwa. Halafu zinakatika, kwa sababu 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika na babu akarudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Ushirika uliporudi miaka ya themanini alipiga ya saba, ana mkongojo. Ukiangalia jengo lenyewe tu, halijabadilika kitu. Ni babu na mti.

Pilipili Kichaa

Mimi sina hata moja. Alikuja kijana nadhifu, anasema wanakusanya picha za kale kwa ajili ya maonyesho, bibi akampa albamu zima na soda juu. Ni mwaka wa sita huu. Jamani, mtu akitaka picha apige kwa simu hapohapo mezani, mkimtazama.

Mzaliwa wa Moshi

Salamu kutoka Leicester. Kiswahili changu kimeshika kutu, mnisamehe.

Huyo ndugu aliyetaja mwaka wa saruji juu ya duka, nilisoma nikasimama. Babu yangu naye alijenga duka karibu na soko, chini biashara, juu tunalala. Alimlipa fundi zaidi ili aweke mwaka na maua mawili pembeni. Sisi watoto tulikuwa tunasema ni maua ya boga.

Mwaka 1971 ilikuja sheria ya kutaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ya kwetu ikaingia kwa Msajili wa Majumba, kwa vile vyumba vya juu upande mmoja tulikuwa tumepangisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Sikuja kulalamika hapa, wenzangu wengi waliokuwa wapangaji wana hadithi yao nao, na yao pia ni ya kweli.

Nilirudi mara moja na picha. Soko nililijua kwa harufu, duka sikuliona. Nikapita mara tatu. Kumbe nilikuwa natazama usawa wa macho, ambako yote ni mabango. Mwenye bajaji akaniambia, "Mzee, tazama juu." Maua ya boga yapo! Yamepakwa rangi ya chungwa ya kampuni ya simu, lakini yapo mawili.

Mjukuu wa Karani

Mzee wangu shikamoo. Nipe mtaa nikakupigie picha, hata kesho.

Mzaliwa wa Moshi

Marahaba mwanangu. Nakuandikia pembeni.

Kijana wa Soweto

Swali la kizushi. Hivi haya majengo hayalindwi na sheria? Mtu anakuja na greda tu?

Bush Lawyer wa Mawenzi

Sheria ipo, ya Mambo ya Kale ya 1964. Ila inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Sasa niambie, mjini Moshi kuna nini cha kabla ya 1863 zaidi ya mto Njoro? La baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Lile boma la Wajerumani pale Arusha, la mwaka 1899 na 1900, limepona kwa sababu limepewa kazi, ni makumbusho ya viumbe. Duka la mtu binafsi lenye maua ya boga halina mwenyewe wa kulitetea. Mwenye nalo akipata mkopo wa benki, limekwenda.

Na tusiwalaumu sana wenye nyumba. Bati la 1938 linavuja kama chujio la mbege.

Mpagazi Mstaafu

Nimebeba mizigo ya watu mlima Kilimanjaro miaka ishirini na mbili, kwa hiyo kwenye picha mimi siangalii nyumba, naangalia mlima. Niwape ujanja.

Mlima una vilele viwili: ukiwa Moshi, Kibo iko kushoto, Mawenzi iko kulia. Haibadiliki hata ukipanda juu ya mti. Picha ikiwa na Mawenzi kushoto, aidha ilipigwa upande wa Kenya, Loitokitok huko, au imesafishwa negativu ikiwa imegeuzwa. Pili, barafu. Mwaka 1912 Kibo ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba kama 12. Kufika 2007 hazikufika mbili. Mtu akikuuzia picha eti ya 1920 na juu kuna utepe mwembamba tu, mwambie akanywe maji.

Kahawa Chungu

Mpagazi wewe ni hazina. Nyongeza kwa wasio na kopo la biskuti: misheni ya Leipzig ilikuwa Uchagani tangu 1893 na picha zao nyingi za makanisa na shule za mlimani zinapatikana mtandaoni. Pia yule mpiga picha Mjerumani, Walther Dobbertin, hifadhi ya taifa ya Ujerumani ilizitoa picha zake kwa umma mwaka 2008, bure. Tafuteni kwa tahajia za Kijerumani, "Moschi", "Aruscha", la sivyo hamuoni kitu.

Mama Wawili

Samahani nimechelewa, nilikuwa naangalia yangu kwanza. Bibi amesimama barabarani na babu, siku ya harusi yao, nyuma mlima na kibanda cha duka. Nimefuata maelekezo ya Mpagazi. Mawenzi iko kushoto. Ina maana walifunga ndoa Kenya? Bibi hajawahi kuvuka Himo.

Mpagazi Mstaafu

Saa ya babu iko mkono gani?

Mama Wawili

Kulia.

Mpagazi Mstaafu

Kibao cha duka kinasomekaje?

Mama Wawili

Hakisomeki. Miaka yote tulijua ni Kigujarati.

Mpagazi Mstaafu

Igeuze hiyo picha kwenye simu.

Mama Wawili

Jamani. KINYOZI.

Nimempelekea bibi simu chumbani. Amecheka mpaka amekohoa. Anasema ni Mbuyuni, kibanda cha mbao, na huyo kinyozi ndiye aliyemkata babu sikio asubuhi ya harusi, ndiyo maana kofia imevutwa upande mmoja.