Automatiki ikizima juu ya reli, unaitoaje kwenye P?

Mwenye Premio: Wakuu habarini. Juzi jioni natoka kazini niko na wanangu wawili nyuma, pale reli ya Buguruni gari ikakata umeme wote ghafla, dashibodi giza, redio kimya, tairi za mbele zishavuka reli, za nyuma bado. Kwa mazoea nikapeleka gia P ya kuegesha nijaribu kuwasha, haikuwaka, sasa kuirudisha fri ikagoma kabisa, nakanyaga breki mpaka mguu unatetemeka wapi. Bodaboda kama nane hivi ndo waliinyanyua mbele wakairudisha nyuma, Mungu awabariki. Hivi hii kitu inatolewaje betri ikiwa imekufa?

Fundi umeme: Pole sana mkuu. Kwanza kabisa, kwenye reli watoto washuke wakae mbali, gari baadaye. Sasa ile P inafunguliwa na umeme, ukikanyaga breki kuna kidude kinavuta loki, betri ikifa hakivuti hata ukanyage na miguu miwili. Angalia pembeni ya gia leva kuna kitufe kimeandikwa SHIFT LOCK, au kifuniko kidogo cha plastiki, king'oe na bisibisi bapa. Vuta hendibreki, swichi weka ON ili usukani usijifunge, kanyaga breki, gandamiza hapo chini huku unavuta gia mpaka N, yaani fri. Ndo ushushe hendibreki msukume. Breki itakuwa ngumu sana na usukani mzito maana injini haisaidii, kwahiyo kwenye mteremko msisukume kama hamna mtu ndani anayejua anachofanya.

Dereva wa Kimara: Fundi kamaliza ila mi naongeza moja, kosa lilikuwa kwenda P. Gari ikizima uko D, ile ya kwenda mbele, peleka N hapohapo, kutoka D kwenda N hakuna loki, na ukiwa N unaweza kupiga staa vilevile kama ulivyokuwa P. Ikigoma kuwaka tayari iko fri, watu wanasukuma tu.

Mama Prius: Na sisi wa gia za umeme? Yangu haina hata waya wa kuvuta.

Fundi umeme: Dada Prius hiyo haina kitufe, lazima uipe umeme. Kwa Prius nyingi betri ndogo iko nyuma kwenye buti, ila chini ya boneti ndani ya boksi la fyuzi kuna tamino ya chanya yenye kifuniko chekundu, busti hapo kwa waya toka betri ya gari nyingine, negativu kamata kwenye chuma, ndo itakubali kwenda N.

Mwenye Premio: Asanteni sana jamani. Nimekiona kitufe, kipo miaka yote nakipita tu. Tatizo lenyewe tamino ya betri ilikuwa imelegea, nimekaza. Bisibisi nimeiweka kwenye mfuko wa mlango na jioni hii mama watoto anajaribu mwenyewe hapa uani.